Umanjano wa Mbwa: Dalili Moja, Vyanzo Vitatu na Wajibu wa Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza umanjano katika mbwa: unavyotokea, unavyosababishwa, unavyotambuliwa na unavyotibiwa. Hoja kuu ni kwamba umanjano si ugonjwa bali ni dalili, na kwamba mazoea ya kuuita "homa ya manjano" yanampotosha mwenye mbwa na kuhatarisha maisha ya mnyama, na wakati mwingine ya binadamu. Makala yanapendekeza istilahi zinazotenga dalili na ugonjwa, na zinazomwelekeza msikilizaji kwenye chanzo.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kuwa mawingu ndiyo mvua. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayopotea pale ambapo mbwa wa kulinda boma anaamka asubuhi akiwa mnyonge, amekataa chakula, na weupe wa macho yake umegeuka rangi ya manjano. Jirani akiulizwa, atasema mbwa ana "homa ya manjano". Jina likishatolewa, uchunguzi umekwisha; kinachobaki ni kutafuta dawa ya jina hilo.

Jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza, tayari lina mwenyewe. Homa ya manjano ni ugonjwa wa binadamu unaosababishwa na kirusi na kuenezwa na mbu. Ndio uliotangazwa kuzuka katika Kaunti ya Isiolo mwezi Machi 2022, na ndio ambao msafiri hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo yake anapoingia katika baadhi ya nchi. Mbwa hana nafasi katika uenezaji wa ugonjwa huo. Pili, neno "homa" linaalika tiba ya homa. Mtu aliyezoea kumeza paracetamol anapohisi joto mwilini huona ni huruma kumpa mbwa wake kidonge hicho hicho. Ilhali paracetamol ikizidi kipimo katika mwili wa mbwa huharibu ini na seli nyekundu za damu, yaani viungo vile vile ambavyo huenda tayari vimedhurika. Hapa kosa la istilahi linageuka kuwa kosa la tiba.

Ni kwa sababu hii suala ambalo kwa kawaida lingeachiwa madaktari wa mifugo linaletwa mbele ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Hata hivyo, hatuwezi kupendekeza maneno ya jambo tusilolielewa. Hivyo basi, tutaanza na maneno tuliyo nayo, tueleze jambo lenyewe, kisha turejee kwenye istilahi.

2.0 Maneno tuliyorithi

Neno "manjano" ni jina la kiungo cha upishi kabla ya kuwa jina la rangi. Bizari ya manjano ndiyo iliyoipa rangi hiyo jina lake, jinsi ambavyo majivu yalivyotupa "kijivu". Tunaposema macho yamekuwa ya manjano tunayafananisha na kitu kilichopakwa bizari. Mfano huu unafaa, kwa kuwa umanjano kwa hakika ni rangi iliyopakwa mwilini kutoka ndani.

Kiswahili kina pia neno "safura", lenye asili ya Kiarabu katika mzizi unaohusu rangi ya manjano na nyongo. Kwetu, hata hivyo, neno hilo limehama. Limekuja kutumika kwa maradhi ya minyoo yanayomwacha mtu akiwa na upungufu wa damu. Kulirudisha kwenye maana ya umanjano kungeleta mkanganyiko mpya badala ya kuondoa wa zamani.

Neno la tatu ni "nyongo". Anayesema kuwa mbwa "ana nyongo" amekaribia ukweli kuliko anayesema ana homa, kwani rangi inayoonekana ni sehemu ya nyongo. Lakini hata yeye hajatuambia kwa nini nyongo imefika mahali isipostahili kuwa.

3.0 Jinsi umanjano unavyotokea

Seli nyekundu ya damu ya mbwa huishi takriban siku 110 hadi 120. Inapozeeka huvunjwa, hasa katika wengu, kiungo ambacho wengine hukiita bandama, na pia katika ini na uboho wa mifupa. Himoglobini iliyokuwa ndani yake haitupwi ovyo. Chuma huhifadhiwa ili kitumike tena, na mabaki hugeuzwa kwanza kuwa kitu cha rangi ya kijani kiitwacho biliverdini, kisha kuwa bilirubini, ambayo ni ya manjano. Mtu yeyote aliyewahi kupata mvilio ameiona kazi hii kwa macho yake: damu iliyovilia huanza kwa weusi, ikageuka ya kijani, kisha ya manjano, halafu ikatoweka.

Bilirubini changa haiyeyuki katika maji. Husafirishwa hadi kwenye ini ikiwa imebebwa na protini ya damu iitwayo albumini. Ini huiunganisha na asidi ya glukuroni ili iweze kuyeyuka, kisha huimwaga katika nyongo. Nyongo huhifadhiwa katika kifuko chake, hushuka kwa mfereji hadi utumbo mdogo, na huko mabaki ya bilirubini hukipa kinyesi rangi yake ya kahawia.

Kwa hiyo pana safari yenye hatua tatu: damu, ini na mfereji. Bilirubini ikizalishwa kwa wingi kupita kiasi, au ini likishindwa kuishughulikia, au mfereji ukiziba, hurundikana katika damu na kupaka rangi tishu. Kwa kawaida mbwa ana chini ya nusu miligramu ya bilirubini katika kila desilita ya damu. Jicho la binadamu huanza kuuona umanjano katika fizi na macho kiwango hicho kinapofika takriban miligramu 2 hadi 3. Hii ina maana kuwa tunapoona, tumechelewa kidogo.

Mbwa ana jambo moja la pekee. Figo zake zinaweza kuishughulikia na kuitoa bilirubini kwa urahisi, kiasi kwamba hata mbwa mzima, hasa dume, huweza kuwa na chembe zake katika mkojo mzito. Ndiyo sababu mkojo wa mbwa mgonjwa hubadilika rangi na kukaribia ile ya machungwa au kahawia kabla ya macho yake kubadilika. Anayeutazama mkojo hupata habari mapema kuliko anayesubiri macho.

4.0 Vyanzo vitatu

4.1 Damu inapovunjwa

Katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, chanzo mashuhuri cha uvunjikaji wa damu ya mbwa ni kimelea kiitwacho Babesia, kinachoenezwa na kupe. Kimelea hiki huingia ndani ya seli nyekundu, kikazaliana humo na kuipasua. Kipo cha aina zaidi ya moja. Kilicho kikali mno barani mwetu ni Babesia rossi, ambacho George Nuttall wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikieleza mwaka 1910 kutokana na damu ya bweha wa Afrika. Bweha huishi nacho bila taabu kubwa. Mbwa wa nyumbani huweza kufa katika muda wa siku chache.

Historia ya ugonjwa huu ni somo la istilahi lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, katika koloni la Cape huko Afrika Kusini, uliitwa kwa Kiingereza kwa jina lenye maana ya "umanjano mbaya wa mbwa". Jina hilo lilitaja rangi wala halikutaja chanzo. Mwaka 1901 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya koloni hilo, alionyesha kuwa ugonjwa huo huambukizwa na kupe. Tangu hapo mtu aliweza kuuzuia kwa kupambana na kupe, jambo ambalo jina la rangi halikuweza kumwonyesha. Hadi leo nchini humo majina mawili yanaishi pamoja: wazungumzaji wa Kiingereza huutaja kwa neno linalotokana na nyongo, na wazungumzaji wa Kiafrikana husema "bosluiskoors", yaani homa ya kupe. Jina la pili linamwambia mwenye mbwa la kufanya.

Kupe si chanzo pekee katika kundi hili. Kinga ya mwili huweza kugeuka na kuzishambulia seli nyekundu za mbwa mwenyewe. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huzidhuru seli hizo, na hivyo mabaki ya mchuzi uliokolezwa vitunguu si chakula cha mbwa. Madini ya zinki yakimezwa huleta madhara yayo hayo.

4.2 Ini linapoharibika

Hapa pana maradhi mawili yanayotugusa sisi wenyewe. La kwanza ni leptospirosi, inayosababishwa na bakteria wanaotoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine. Bakteria hao huishi katika maji na udongo wenye unyevu, na huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi, macho au mdomo. Huharibu figo na ini. Kwa binadamu, Adolf Weil wa Ujerumani aliueleza ugonjwa wa aina hii wenye umanjano mwaka 1886. Mwezi Julai 2022 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa ugonjwa uliozua hofu katika mkoa wa Lindi ulikuwa huu, na Kiswahili kikaupa jina la "homa ya mgunda", jina linalomkumbusha mtu shamba na udongo wake. Mbwa mwenye leptospirosi huweza kumwambukiza anayemhudumia kwa njia ya mkojo. Ndiyo maana si salama kumshika mbwa mwenye umanjano kwa mikono mitupu kabla chanzo hakijajulikana.

La pili ni sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, inayoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Dalili iliyowatambulisha wagonjwa hao hospitalini ilikuwa umanjano wa ghafla. Nyumba nyingi nchini hula mahindi mazuri na kumpikia mbwa yale yaliyooza au kupata ukungu. Ini la mbwa ni jepesi kudhurika kwa sumu hii, na kuchemsha uji au ugali hakuiondoi. Anayemlisha mbwa mahindi ya ukungu hajaokoa chakula. Amehamisha sumu tu.

Yapo mengine: homa ya ini ya mbwa inayoletwa na kirusi na ambayo ina chanjo, mchochota sugu wa ini, uvimbe wa saratani, na athari za dawa. Sukari bandia iitwayo zailitoli, inayopatikana katika baadhi ya peremende na bidhaa zisizo na sukari, huweza kuliangamiza ini la mbwa kwa muda mfupi.

4.3 Mfereji unapoziba

Katika kundi la tatu damu ni nzima na ini huenda lilianza likiwa zima, lakini nyongo haina njia. Kongosho iliyovimba hukandamiza mfereji uliopita kando yake. Kifuko cha nyongo huweza kujaa ute mzito usiotiririka, au vijiwe, au mfereji ukabanwa na uvimbe. Wakati mwingine mfereji au kifuko hupasuka na nyongo kumwagika tumboni, hali ambayo ni ya dharura.

5.0 Utambuzi

Utambuzi mzuri huanza na macho na maswali kabla ya mashine. Fizi, weupe wa jicho, upande wa ndani wa sikio na ngozi ya tumbo hutazamwa katika mwanga wa jua, kwa kuwa taa za umeme huweza kuficha au kubuni umanjano. Fizi zilizopauka na zenye umanjano kwa pamoja huashiria damu inayovunjika. Fizi zenye wekundu wa kawaida chini ya umanjano humfanya daktari afikirie ini au mfereji. Kinyesi nacho kina habari: kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, huenda nyongo haifiki utumboni. Daktari atauliza pia kuhusu kupe, chanjo, panya, maji yaliyotuama, chakula, na dawa ambazo mbwa amepewa nyumbani. Mwenye mbwa anayeficha kwamba alimpa kidonge hamsaidii mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Baada ya hapo huja maabara. Damu kidogo huzungushwa katika mashine hadi seli zikatengana na utegili, yaani maji ya damu. Katika mbwa mzima seli hizo huchukua takriban asilimia 37 hadi 55 ya damu. Zikipungua sana huku utegili ukiwa wa manjano, chanzo cha kwanza ndicho kinachoshukiwa. Tone la damu, hasa lililotolewa kwenye mshipa mdogo wa sikio, hupakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Babesia mkubwa huonekana ndani ya seli akiwa na umbo la pea, mara nyingi wawili wawili. Tone jingine likichanganywa na maji ya chumvi na seli zikabaki zimegandamana, ni ishara kuwa kinga ya mwili inazishambulia.

Seli zisipokuwa zimepungua, hupimwa vimeng'enya vya ini, na picha ya mawimbi ya sauti huonyesha hali ya ini, kifuko na mfereji. Leptospirosi huthibitishwa kwa vipimo vya damu na mkojo. Aidha, vyanzo huweza kuingiliana: babesia kali huvunja damu na wakati huo huo kuliumiza ini. Daktari hatafuti jibu moja la haraka. Anapunguza mashaka hatua kwa hatua.

6.0 Tiba na kinga

Hakuna dawa ya umanjano. Kauli hii ndiyo kiini cha somo. Kinachotibiwa ni chanzo, na dawa inayofaa kwa chanzo kimoja huweza kuua kwa kingine.

Babesia ilipata tiba yake ya kwanza mwaka 1909, pale Nuttall na mwenzake Hadwen walipoonyesha kuwa rangi ya buluu iitwayo tripani humsaidia mbwa mgonjwa. Nayo iliziacha tishu za mnyama zikiwa na buluu. Leo hutumika sindano za diminazini au imidokabu. Diminazini inafahamika vyema kwa wafugaji wa ng'ombe na hupatikana katika maduka ya dawa za mifugo, na hapo ndipo penye hatari. Kwa mbwa, nafasi kati ya kipimo kinachoponya na kinachodhuru ubongo ni finyu. Kumkadiria mbwa dawa ya ng'ombe kwa macho ni kucheza na uhai wake. Aliyepungukiwa damu mno huongezewa damu ya mbwa mwenziwe.

Kinga ya mwili inapojishambulia, hutumika dawa za kuituliza kama vile predinisoloni. Mbwa mwenye leptospirosi akipewa dawa hizo kwa kukisia, huenda akanyimwa silaha anazozihitaji; yeye hutibiwa kwa viuavijasumu, kama vile penisilini na doksisaiklini, pamoja na maji ya mshipani ya kusaidia figo. Aflatoksini haina dawa ya kuitengua. Chakula huondolewa, na ini husaidiwa hadi lijijenge upya iwapo limebakiwa na uwezo. Mfereji uliozibwa na vijiwe au ute mara nyingi huhitaji upasuaji, ilhali uliokandamizwa na kongosho huweza kufunguka kongosho inapotulia.

Kinga ni nafuu kuliko haya yote. Mbwa akaguliwe kupe kila siku, hasa masikioni na katikati ya vidole, kwa sababu kwa kawaida kupe huhitaji kunata kwa siku moja au zaidi kabla ya kuambukiza babesia. Apewe chanjo ya leptospirosi na ya homa ya ini. Panya wadhibitiwe, na mahindi ya ukungu yasimfikie mbwa wala kuku.

7.0 Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na maelezo haya, tunapendekeza yafuatayo. Neno "umanjano" litumike kwa dalili pekee. "Homa ya manjano" iachiwe ugonjwa unaoenezwa na mbu. Babesia ya mbwa iitwe "homa ya kupe ya mbwa", kwa mfano wa Kiafrikana, na leptospirosi iendelee kuitwa "homa ya mgunda", kwa binadamu na kwa wanyama, ili jina lenyewe lishuhudie kuwa ugonjwa ni mmoja.

Kuhusu aina za umanjano, tafsiri sisisi ya vitabu vya tiba ingetupa "umanjano wa kabla ya ini", "wa ini" na "wa baada ya ini". Istilahi hizi ni sahihi, lakini humtaka msikilizaji awe tayari anaijua safari ya bilirubini. Tunaona ni afadhali kusema "umanjano wa damu", "umanjano wa ini" na "umanjano wa mfereji". Huenda msomaji akapinga kwamba kila umanjano uko katika damu. Ni kweli, lakini jina hapa linataja mahali palipoharibika wala si mahali rangi inapoonekana, kama vile "ugonjwa wa moyo" usivyokanusha kuwa maumivu yanaweza kusikika mkononi. Mfugaji anayeambiwa "umanjano wa damu" atauliza, "Damu imepatwa na nini?" Swali hilo ndilo tunalolitaka.

8.0 Hitimisho

Tumeona kuwa umanjano ni habari iliyoandikwa juu ya mwili na bilirubini iliyokwama, na kwamba habari hiyo huweza kutoka katika damu, ini au mfereji. Kiswahili kimewahi kutoa majina yanayofundisha: "kichaa cha mbwa" kinamwonya mtu juu ya mnyama wa kuogopa, na "homa ya mgunda" inamkumbusha mahali pa hatari. Istilahi za afya ya wanyama zinastahili uangalifu huo huo. Wanafunzi wanaotafsiri vijitabu vya ufugaji na kuandaa matangazo ya redio washauriane na wataalamu wa mifugo kabla ya kuchagua neno, na wajiulize neno hilo litamfanya msikilizaji achukue hatua gani. Likimpeleka kwa daktari wa mifugo akiwa na maswali kuhusu kupe, panya na chakula, limetimiza kazi. Likimpeleka kwenye kabati la vidonge, libadilishwe.